Mapipa Yasiyo na Mwenyewe

Ukitaka kumuudhi fundi mmoja wa maabara ya idara ya maji, usihangaike kumtukana. Matusi ameshayazoea. Wewe kula chungwa mbele yake, kisha ganda ulitupe kwenye kapu la taka, juu ya majani ya chai yaliyolowa na vipande vya karatasi. Ataacha kazi aliyoshika, atakuja mpaka kwenye kapu, atainama aliokote, atalipangusa kwa pindo la koti lake jeupe, kisha atakutazama kama umetupa mtoto. Halafu atasema kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilohilo mpaka koo limemkauka: "Mwenzangu, si tumeongea juzi tu?" Wenzake walimwita Maganda. Mwanzoni alikasirika, akanuna wiki nzima, kisha akaona kununa ni kazi ya ziada isiyo na mshahara, akaanza kuitikia.

Tuseme ukweli, alikuwa mtu wa kuudhika upesi. Foleni zilimuudhi. Milango isiyofunga sawasawa ilimuudhi. Mtu anayesema "kwa kifupi" halafu anaongea mpaka chai inapoa alimuudhi kuliko wote, na idara ya maji ilikuwa na mtu wa namna hiyo katika kila chumba. Lakini kwenye suala la maganda alikuwa na haki zote, kwa sababu nyuma ya maganda alikuwapo mama yake.

Mama huyo, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, aliishi peke yake upande wa pili wa mji, katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, kwenye mtaa wa mawe matupu. Maji ya mtaa yalitoka kwenye kisima kirefu chenye pampu ya mkono, karibu na mlango wake kabisa. Yalikuwa baridi, hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha mbaya, na mama aliyajivunia kama aliyachimba kwa kucha zake mwenyewe. Siku moja Maganda alichukua chupa ya maji hayo akaenda nayo kazini. Hakuwa na shaka nayo hata chembe. Alitaka tu maji mazuri ya kujaribia mashine iliyotoka kwenye matengenezo.

Mashine ikasema mna urani. Akaitukana mashine. Akaisafisha, akaanza upya, ikasema vilevile. Akachota maji mengine kwa mkono wake, kwenye chupa aliyoiosha mwenyewe, na mashine, bila aibu, ikarudia maneno yake.

Hakuna aliyeitia hiyo urani. Ni madini yenye mionzi yaliyokuwa ndani ya miamba tangu kuumbwa kwa dunia, na maji yakipita huko chini huyayeyusha kidogokidogo na kupanda nayo. Hayamwangushi mtu leo wala kesho. Yanachosha figo, polepole, mwaka hadi mwaka, na mtu mwenyewe anajiona yuko salama salimini. Figo za mama yake, daktari alikuwa amekwisha kusema, zilikuwa zimeanza kuchoka.

Maganda aliwaeleza watu wa mtaa. Wakamsikiliza kwa heshima, wakaguna, kisha fundi cherehani wa nyumba ya pili akasema, "Basi tutachemsha." Wote wakaafiki. Akawaeleza kwamba ukichemsha maji, maji ndiyo yanayopaa, madini yanabaki sufuriani yamejaa zaidi. Wakaafiki na hilo pia. Wiki iliyofuata alimkuta mama yake jikoni, sufuria inatokota.

"Mama, nilisema nini?"

"Nimechemsha sana," mama alimtuliza. "Nimechemsha kuliko unavyofikiri."

Idara ilikuwa na dawa yake, nayo ilikuwa mnyororo na kufuli. Kisima kifungwe, watu watafute maji kwingine. Kwingine kwenyewe kulikuwa na bomba moja ng'ambo ya barabara kuu, juu kwenye mwinuko, linalotoa maji likijisikia. Kwa magoti yale mama asingefika hata nusu ya njia. Kaka yake Maganda, dereva wa lori la taka, alikuwa tayari kumchukua mama akae naye, ghorofa ya nne, vyumba viwili, watoto wanalala kama samaki wa kopo. Mama alimshukuru mwanawe kwa moyo mmoja, kisha akasema kwamba nyumba ile atatoka akiwa amebebwa, na watakaombeba wajiandae, yeye ni mzito. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: kisima kikifungwa, mama atang'olewa kwenye nyumba yake. Maganda hakuwa tayari kuliona hilo.

Ndipo yalipoanza maganda. Alikuwa amesoma kwamba mabaki ya mimea na vyakula yanaweza kunasa madini ndani ya maji, basi akajaribu kila kilichokuwa kinatupwa. Alijaribu pumba za mpunga, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, maganda ya ndizi, vumbi la mbao. Nyumba yake ikageuka jaa. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye subira ya ajabu, alifungua oveni akitarajia chakula, akakuta maganda yanakaushwa, akaifunga taratibu, akala mkate mkavu. Mwishowe ganda la chungwa likawashinda wenzake. Ndani yake mna kitu kama gundi, kilekile kinachofanya jamu igande, na kikitengenezwa vizuri kinashika urani na hakiiachii. Unaosha maganda, unayaanika, unayasaga, unayaloweka kwenye maji ya chokaa, unayaosha tena, unayakausha tena. Kuyasema hayo ni kazi ya pumzi moja, kuyatenda ni kazi ya kuvunja mgongo.

Na kuyapata je? Muuza juisi wa sokoni alikubali kumwekea maganda kwenye gunia. Alimwekea kweli, akamwekea na vikombe vya plastiki, mirija, na siku moja kiatu. Kaka yake aliyapitia magunia kwa lori lake la taka, akamshushia dada yake mlangoni huku anapiga honi.

"Dada, leo nimekuletea na mifupa humo. Bonasi."

"Nani kakuomba mifupa?"

"Wewe si unapenda taka? Taka ni taka."

"Ganda si taka!" alifoka Maganda, na jirani wa juu akafunga dirisha, maana wimbo huo alikuwa ameshaukariri. Maganda alisema ganda si taka kwa muuza juisi, kwa wenzake kazini, kwa wapwa zake, kwa mama yake, kwa kila aliyekaa naye meza moja. Alisema mpaka wakasalimu amri. Watu wazima walianza kumletea maganda yamefungwa vizuri kwenye mifuko, kama zawadi ya mgonjwa.

Mkuu wa idara alikuwa bwana mpole wa tai ndefu, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu jambo wala kumkubalia. Maganda alipomwonyesha majibu ya majaribio, alitikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Tutalifanyia kazi," kisha akaenda kwenye mkutano. Alisema hivyo tena. Akasema tena. Maganda alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake mara nyingi hata mhudumu wa chai akawa anamjumuisha kwenye hesabu ya vikombe. Mwishowe mkuu alitoa ruhusa ya majaribio, labda kwa kuchoka kumwona. Tangi la maganda lingefungwa pale kisimani mpaka mwisho wa msimu wa mvua.

"Likifanya kazi, tutaliacha," alisema. "Lakini kikitokea kitu, nasema kitu chochote, kisima kinafungwa siku hiyohiyo. Umenielewa?"

Alimwelewa. Tangi likafungwa, maji yakapita kwenye maganda, Maganda akachota, akapima. Urani ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Alipima tena, kwa sababu hakumwamini mtu, sembuse mashine. Kisha akacheka peke yake mle ndani, akacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Ilikuwa furaha tupu, furaha ya mtu aliyebeba mzigo kichwani mpaka shingo ikazama, halafu akautua.

Mkuu naye alifurahi. Alianza kwenda mikutanoni na kuzungumzia "mradi wangu".

Sasa, mtu akisikia habari hii anadhani mambo yameisha. Maji yameingia mabaya, yametoka mazuri, makofi tafadhali. Lakini urani haikufa. Ilihama tu. Ilitoka kwenye maji ikaingia kwenye maganda, na maganda yakishajaa lazima yatolewe, yawekwe mengine, na yale ya zamani yapate mahali pa kukaa, pa kufungwa, pasipofikika. Maganda aliyatoa kwa glavu, akayajaza kwenye mapipa ya plastiki, akakaza vifuniko kwa waya. Kisha akaenda kuuliza pa kuyapeleka.

Idara ya maji ikasema hayo si maji tena, hayo ni taka. Ofisi ya taka ikasema taka zake hazina urani. Ofisi ya mionzi, yenye watu wawili na feni moja mbovu, ikasema mionzi yenyewe ni midogo mno, haifikii kiwango cha wao kuinuka kitini, labda aulize kilimo. Kilimo wakacheka. Alipigwa danadana mpaka walinzi wa getini wakawa wanamuuliza habari za nyumbani. Alirudi kwa mkuu wake, akamwambia mapipa yanazidi, yakae wapi? Mkuu akafikiri, akatazama dari.

"Kwa sasa yakae palepale yalipo," alisema. "Tutalifanyia kazi."

Palepale yalipo palikuwa uani kwa mama yake, kando ya ukuta wa nyuma. Hakukuwa na kwingine kwenye uzio karibu na kisima.

"Mama, haya mapipa usiyaguse," Maganda alimwambia.

"Yana nini?"

"Usiyaguse tu. Yataondoka karibuni."

Hakusema zaidi. Alimjua mama yake: ukimwambia jambo asubuhi, mchana fundi cherehani analijua, na jioni mtaa mzima unalijua kwa chumvi nyingi. Wangesikia neno sumu, wangesikia neno mionzi, wangelivunja tangi kwa mawe. Alijiambia kwamba atamweleza mapipa yakishaondoka, wacheke pamoja. Yeye aliyekuwa anamweleza kila mtu kila kitu, kwa hili moja akanyamaza.

Msimu ulikuwa unakaribia mwisho alipokwenda siku moja kubadilisha maganda, baada ya wiki nyingi bila kufika uani, akamkuta mama anamsubiri mlangoni, uso umemnawiri. Alimshika mkono, akampeleka uani. Kando ya ukuta wa nyuma, mahali ambapo miaka yote hapakuota kitu ila mawe, palikuwa na bustani. Maboga yametambaa mpaka juu ya ukuta, majani mapana kama sinia, mboga za majani zimesongamana mpaka udongo hauonekani.

"Unaona mambo?" mama aliuliza.

Maganda alitazama mapipa. Moja lilikuwa limefunguliwa, waya umewekwa vizuri juu ya kifuniko, na ndani limebaki tupu, limeoshwa, linang'aa.

"Mama. Umefanya nini?"

"Lilianza kunuka. Wadudu wakawa wengi, nikasema nifungue nione. Nikakuta mbolea! Nyeusi, laini, imeiva. Watu wanaitafuta kwa udi na uvumba, ninyi mmeifungia kwenye pipa." Mama alimpigapiga begani. "Nimesubiri hao watu wako waje kuyachukua, hawaji. Nikasema nisaidie. Si wewe mwenyewe unayetuimbia kila siku kwamba ganda si taka?"

Damu ilimpanda Maganda kichwani. Alitaka kupiga kelele, na kelele zilikuwa tayari mdomoni, zimejipanga, lakini hakujua aanze na nani. Aanze na mama? Aanze na mkuu? Na ofisi ya feni mbovu?

"Umekula?"

"Nimekula nini?"

"Hizi mboga, mama! Umezila?"

"Kidogo. Nimewagawia zaidi majirani. Fundi cherehani ndiye anazipenda, karibu kila siku namkatia."

Alichukua udongo, akachukua majani, akaenda kupima. Mambo hayakuwa ya kufa mtu, lakini hayakuwa ya kunyamazia. Udongo ulikuwa na urani nyingi kuliko inavyostahili kuwa mahali popote panapolimwa chakula, na majani nayo yalikuwa nayo, hasa yale ya chini yaliyochafuka udongo. Alimpigia daktari wa mama yake. Daktari akamwambia vyakula vya wiki chache havitaleta madhara makubwa, ila waache leo, si kesho, na waliokula waje wapimwe figo.

Alimpelekea mkuu majibu. Mkuu alisoma, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Msimu unaisha wiki ijayo," alisema kwa upole. "Majaribio yamefaulu. Unataka kuyaharibu kwa sababu ya maboga?"

"Watu wanayala, mzee."

"Basi yang'oe. Choma moto. Mwambie mama yako asilime tena. Nani atajua?"

"Nikichoma yanakuwa majivu, na majivu yana urani ileile, tena inapeperuka." Maganda alijisikia anachoka kuanzia nyayoni. "Haiishi, mzee. Nimekwambia tangu mwanzo, haiishi. Inahama. Na hii imehamia bustanini kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyekubali kuipokea."

"Ukiandika taarifa, kisima kinafungwa. Unalijua hilo?"

Alilijua. Hakukuwa na kitu alichokijua vizuri kuliko hicho. Alitoka, akaenda kwa mama yake kabla ya kuandika neno lolote, akaketi jikoni, akamweleza mwanzo mpaka mwisho. Maji, maganda, mapipa, udongo. Alieleza kwa ukali, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kueleza.

Mama alisogeza kikombe chake kando. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na chini ya kucha mlikuwa na udongo.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekwambia ungewaambia wote."

"Ningewaambia wote, ndiyo. Na wasingekula." Mama alimtazama. "Mimi si mtoto, mwanangu. Umenipa kitu cha kulinda, hukuniambia ni kitu gani. Ningekilindaje?"

Maganda alikuwa amezoea kuwa na jibu la kila mtu, na hasira alizowawekea watu wengine kwa miezi yote zilimrudia mwenyewe, akaona aibu.

Mama aliinuka. Alichukua fimbo yake, akatoka, akapita nyumba kwa nyumba, na Maganda akamfuata nyuma na pipa tupu na glavu. Kila mlango mama alisema maneno yaleyale, bila kupunguza: mboga nilizowapa zina sumu inayotoka kwenye kisima, nilizitia mimi bila kujua, nirudishieni zilizobaki, na mwende mkapimwe. Ilikuwa vigumu kumwangalia. Mwanamke huyu hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa lolote, hata mumewe alikufa anasubiri aombwe. Wengine walimfokea. Fundi cherehani alimtazama sana, akaingia ndani, akatoka na fungu la mboga lililofungwa kamba.

"Nilikuwa ninazipeleka jikoni sasa hivi," alisema.

"Najua," mama alijibu. "Samahani, mwenzangu."

Bustani waliing'oa wao wenyewe. Kaka alikuja na koleo, wakachimba udongo mpaka chini kwenye mwamba, wakaujaza kwenye mapipa, wakakaza waya. Hakuna aliyetania. Kisha Maganda akaandika taarifa, akatia sahihi yake, akaipeleka.

Mnyororo ulipatikana siku hiyohiyo. Idara iliyoshindwa miezi yote kupata gari la kubeba mapipa ilipata gari, mafundi, mnyororo mpya na kufuli kubwa la shaba, na kabla ya saa za kazi kwisha kisima kilikuwa kimefungwa. Maganda alisimama akawatazama.

"Na mapipa?" aliuliza.

"Sisi tumetumwa kisima tu, dada," mafundi walimjibu.

Mapipa yakabaki uani. Yalikuwa mengi kuliko mwanzo, na maji hayakuwapo. Kaka akaanza kupima kwake pa kuweka kitanda cha mama. Maganda alirudi kazini, akafanya kazi yake bila kumgombeza mtu. Wenzake walitupa maganda ya machungwa kwenye kapu makusudi, wamsikie. Hakuinuka.

Asubuhi moja alisikia honi chini, ndefu, ya mtu asiyezoea kusubiri. Akaenda dirishani. Gari la mkuu lilikuwa limesimama katikati ya njia, kwa sababu sehemu yake ya kuegesha, ile yenye kibao, ilikuwa imejaa. Mapipa yalikuwa yamepangwa hapo safu kwa safu, na mbele yake, juu ya kigoda cha jikoni, alikaa mama yake, amevaa nguo za kwenda mjini. Lori la taka lilikuwa linatokomea getini.

Maganda alishuka ngazi mbio. Alipofika chini mkuu alikuwa ameshatoka kwenye gari, na watumishi wamejaa madirishani.

"Mama, hapa ni maegesho," mkuu alikuwa anasema.

Mama alimtazama tu, anasubiri. Mkuu akakumbuka adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeona kibao. Ndiyo maana nikaja hapa, nisipotee."

"Haya mapipa ni ya nani?"

"Hilo nilitaka nikuulize wewe."

"Mama, haya hayawezi kukaa hapa." Mkuu alishusha sauti, lakini uwanja mzima ulikuwa kimya na kila mtu alimsikia. "Ni vitu vya hatari. Watu wanapita hapa."

"Watu," mama alirudia neno hilo polepole. "Na kwangu anapita nani?"

Mkuu alimwona Maganda amesimama pembeni na koti lake jeupe, akamshika kama mtu anayezama.

"Huyu si mama yako? Hebu mwambie."

"Nimwambie nini, mzee?" Maganda alisema. "Mimi nimesema miezi yote. Yeye amesema mara moja."

Mkuu alikuna shingo. Akatazama madirishani, akatazama saa, akatazama mapipa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa fungu la funguo, akamwita mlinzi, akamwambia akafungue ile stoo ya zege nyuma ya jengo, atoe viti vibovu, mapipa yaingizwe humo na mlango ufungwe. Stoo ya zege. Ilikuwa na mlango wa chuma na sakafu isiyopitisha tone, na funguo zilikuwa mfukoni mwa mtu huyo tangu siku ya kwanza Maganda alipomuuliza yakae wapi. Maganda aliziangalia funguo zile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hasira zilimzidi kimo hata hakuweza kusema.

"Haya, mama," mkuu alisema, anajifuta uso kwa ncha ya tai. "Mapipa yamepata mahali. Sasa nenda nyumbani kapumzike."

"Na mnyororo?"

"Mnyororo?"

"Wa kisima. Mlisema hakuna pa kuweka maganda. Sasa pamepatikana."

"Hilo lina taratibu zake, mama. Linaweza kuchukua muda."

"Haidhuru," mama alisema. Alisogeza kigoda chake kidogo, kikawa katikati kabisa ya sehemu ya mkuu, akaweka fimbo juu ya magoti. "Mimi sina haraka, baba. Nyumbani hakuna maji."

Mkuu akatoa simu, akasogea pembeni, na wakamsikia anauliza ufunguo wa kufuli la shaba uko kwa nani. Maganda alivua koti lake jeupe, akalikunja, akalitandika juu ya sakafu ya maegesho, akakaa kando ya mama yake.